Ghafla ya Nani

Rafiki yangu aliuza chai nje ya lango la shule ninayofundisha Kakuma. Alikuwa mkimbizi kutoka Sudan Kusini, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, na chai yake aliitia tangawizi mpaka koo likawaka. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Asubuhi nafundisha watoto, na wanawe walikuwa miongoni mwao. Kwa miaka kadhaa, alasiri nilifundisha pia watu wazima katika ukumbi wa kanisa, wale waliofika kambini wakiwa hawajui hata kuomba maji kwa lugha hii. Yeye alikuwa mmoja wao. Aliingia siku ya kwanza akinukia moshi, akaketi benchi la mbele, na tangu hapo akaniita mwalimu hata tulipokuwa wawili tu kwake tukila ugali. Mimi nilimwita dada.

Kiarabu alikijua vizuri. Alizaliwa kusini, lakini vita viliwasukuma wazazi wake hadi Khartoum akiwa bado mdogo, na huko ndiko alikosomea, kwa Kiarabu, kuanzia herufi hadi hesabu. Nyumbani kwake walizungumza lugha yao ya mama, sokoni Kiarabu cha Juba, kile cha mkato. Kile cha shuleni alikuwa nacho moyoni, akikitoa mara chache. Darasani kwangu kilimfaa. Kila tulipofika kwenye neno analolijua, kitabu, dawa, saa, habari, aligonga benchi kwa kidole na kusema, hii yetu. Tulipofika kwenye karibu alicheka sana. Kwao neno hilo ni la umbali tu, kitu ambacho hakiko mbali. Alisema sasa ameelewa kwa nini Wakenya wakikukaribisha wanakuvuta mkono.

Mumewe alikuwa seremala. Vitanda vingi vya mtaa wao wa kambi vilipita mikononi mwake, na yale mabenchi ya ukumbini tuliyokalia ni yeye aliyeyatengeneza. Alikuwa mpole, na alicheka kwa mabega, bila sauti. Sikumzoea sana, kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi yake, lakini nilipopita kibandani kwake aliacha randa, akajifuta vumbi la mbao, akanisalimu kwa heshima kama mtu aliyetembelewa.

Aliugua taratibu. Tumbo lilianza kuvimba, macho yakageuka manjano, akawa anaacha chakula sahanini. Zahanati ya kambini ilimpa dawa, kisha ikamwandikia aende hospitali Lodwar. Mkewe akaenda naye, watoto akawaacha kwa jirani. Hapo ndipo nyumbani kwetu kulipoingia katika habari hii, kwa sababu mama yangu anakaa Lodwar. Baba yangu alipelekwa huko zamani akiwa afisa wa kilimo, akitokea magharibi, akadhani atakaa kidogo na kurudi. Hakurudi. Nilizaliwa Lodwar, nikakulia Lodwar, na baba alipofariki mama alikataa kuhama. Nikampigia simu, nikamwambia nina rafiki anamuuguza mume, hana pa kulala. Mama akasema mlete.

Kwa hiyo rafiki yangu alilala kwa mama yangu, na asubuhi walikwenda hospitalini pamoja kwa boda boda moja, chupa ya uji ikiwa katikati yao. Mama hakujua Kiarabu na Kiswahili cha mgeni wake kilikuwa bado kinachechemea, lakini walielewana. Mama aliniambia yule mwanamke hakubali kukaa mikono mitupu. Alifua hadi mapazia.

Mgonjwa akaonekana kupata nafuu. Akaanza kumaliza uji, akaanza kuwaulizia watoto. Siku moja akamwambia mkewe aende Kakuma akawaone, alale nao, arudi kesho yake. Alikataa. Akamwambia tena, na mama yangu naye akamwambia, nenda dada yangu, uji nitauleta mimi. Akaenda. Alilala na watoto wake, na asubuhi akiwa anamwogesha mdogo kwenye beseni, simu ikalia.

Yaliyosemwa kwenye simu ile sikuyajua wakati huo. Nilichojua ni kwamba mtoto wake mmoja alikuja kuniita shuleni akikimbia, na nilipofika nilimkuta mama yake amekaa chini, beseni limepinduka, mdogo bado ana povu kichwani. Nilimsuuza mtoto, nikamvika, kisha nikaketi chini kando ya mama yake. Hakulia. Aliangalia simu.

Mwili uliletwa Kakuma, tukamzika huko. Ardhi ilikuwa ngumu, vijana walipokezana sururu kwa muda mrefu.

Baada ya mazishi alibadilika, na sote tulifikiri tunaelewa. Mjane anahuzunika, huo ndio utaratibu. Lakini siku zilivyokwenda niliona kwamba yake haikuwa huzuni ninayoifahamu. Hakuwa anakaa akitazama mbali. Alikuwa anatazama karibu, sana. Chai aliiacha. Asubuhi aliwaleta watoto wake shuleni, akaingia nao hadi mlangoni mwa darasa, kisha akazunguka nje ya ua na kuketi kwenye kivuli cha mti wa mathenge, mahali ambapo madirisha yote mawili ya watoto wake yanaonekana. Alikaa hapo hadi kengele ya mwisho. Jua lilipohama, alihama na kivuli. Mwanawe akienda msalani alisimama mpaka atoke. Kambini alikataza wasitumwe maji, wasicheze kwenye laga, ule mto wa msimu, hata ukiwa mkavu, wasiende kwa jirani yule aliyewatunza. Jirani akaumia, akaniuliza amekosea nini. Nilimwambia hakukosa kitu. Msichana wake mkubwa, wa darasa la sita, alianza kuona haya, kwa sababu wenzake walimwambia mama yake ni askari wa shule.

Nilimfuata chini ya ule mti mara nyingi. Nilimpelekea maji, nikaketi naye wakati wa mapumziko. Nilimwambia watoto wako salama, tupo. Alinijibu kwamba anajua, mwalimu, ahsante, na macho yake hayakutoka dirishani.

Siku ya wazazi ilikuwa inakaribia. Msichana wake alichaguliwa kusoma insha yake mbele ya wageni, akawa anaifanyia mazoezi nyumbani kwa sauti. Ilikuwa insha nzuri, kuhusu mbuzi waliopotea njia ya kwenda Lopur, na kama insha zote za watoto wa Kenya ilikuwa na ghafla bin vuu yake. Waliosoma hapa wanajua ninachosema. Hakuna mtoto anayeandika insha bila ghafla bin vuu. Mvua inaanza ghafla bin vuu, mwizi anatokea ghafla bin vuu, gari linaharibika ghafla bin vuu. Tunawafundisha, kisha tunachoka nayo, kisha tunawafundisha tena.

Asubuhi moja, baada ya kuisikia insha ile nyumbani, rafiki yangu hakuzunguka kwenda kwenye mti wake. Alikuja mlangoni pa ofisi ya walimu na kuniomba nitoke. Tukasimama kwenye baraza.

"Mwalimu, hii neno unafundisha mtoto yangu. Ghafla. Inasema nini?"

Nilimwambia ni jambo linalotokea mara moja, bila kutazamiwa.

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu, dada."

Aliketi kwenye ngazi polepole, akishika ukuta. Nikaketi karibu naye, na hapo ndipo aliponiambia habari ya simu.

Aliyepiga alikuwa muuguzi wa wodi. Alisema kwa Kiswahili, kwa upole, mama pole sana, mzee ametuacha, imekuwa ghafla. Rafiki yangu maneno ya mwanzo aliyaelewa, kwani nilikuwa nimemfundisha mwenyewe. Lile la mwisho sikuwahi kumfundisha, halikuwa limetokea darasani, lakini hakuhitaji kufundishwa. Lilikuwa lake. Katika Kiarabu alichosomea Khartoum, ghafla ni kutojali. Ni mtu kuwa na macho na asione, kuwa na kitu mkononi na akisahau. Ni mlinzi aliyesinzia, moyo uliolala mwenye moyo akiwa anatembea. Mwalimu wake alikuwa anawaambia neno hilo watoto waliotazama nje badala ya ubaoni. Alijua pia kwamba Kiarabu chenyewe hulitumia kwa jambo linalomjia mtu akiwa hana habari. Lakini pale, na povu mikononi, alisikia upande mmoja tu. Mume wako amekufa kwa kutojaliwa.

Akauliza kwenye simu, "Ghafla ya nani?"

Muuguzi akajibu, "Ghafla tu, mama. Pole."

Kwa hiyo miezi yote hiyo alikuwa ameishi akiamini hospitali ilimweleza kwamba kuna mtu aliyemsahau mumewe, na kwamba kwa adabu walikataa kumtaja. Na yeye alimjua mtu huyo ni nani. Ni nani mwingine aliyekuwa ameondoka kitandani pale?

"Waliniheshimu," akaniambia. "Jina yangu hawakusema."

Nilimweleza yote. Nilimwambia muuguzi alisema neno la Kiswahili, si la Kiarabu, na kwamba kwa Kiswahili halina mtu ndani yake, halimlaumu yeyote, ni neno la wakati tu. Nilirudia kwa maneno mengine, nikatoa mifano. Alinisikiliza kama alivyokuwa akinisikiliza ukumbini, kichwa kimeinama upande.

"Nimeelewa, mwalimu. Kwa kichwa nimeelewa," alisema. "Lakini hii neno ilinikuta nikiwa nimeshaifikiria mimi mwenyewe."

Akainuka, akaenda kwenye mti wake.

Sikuweza kuliacha neno lile. Mtu akifundisha lugha hufikiri maneno ni yake, kisha siku moja anagundua kwamba kuna wenyewe. Mwalimu mwenzangu kutoka Kongo aliniambia kwao pia ni gafula, jambo la kushtukia, na hakuona la ajabu. Nikamuuliza mzee wa Kisomali mwenye duka ninakonunua sukari, ambaye alisoma Kiarabu madrasani utotoni na bado anakisoma kila siku nyuma ya kaunta. Alifunga kitabu chake. Alisema wao hulitamka kwa sauti ya kooni, qaflad, na ni neno la mahubiri. Linamhusu mtu aliyemsahau Mungu na kuisahau siku yake ya kufa. Mwalimu wake wa zamani aliwaambia kwamba Waajemi wanalo, Waturuki wanalo, Wahindi Waislamu wanalo, na kila mahali limebaki na uzito huo. Limesafiri kwa vinywa vya wahubiri. Nyinyi Waswahili, alisema akipima sukari yangu, mmechukua ule mshtuko wa mtu anapoamka, usingizi wenyewe mmeuacha.

Nilimwambia hapana, hatukuuacha. Tunalo neno kughafilika. Mtu aliyeghafilika ni yule aliyepitiwa, aliyesahau kilichokuwa chini ya uangalizi wake. Alilirudia mara mbili tatu, akitikisa kichwa kwa kuridhika, akasema hilo ndilo lenyewe. Lakini nikitembea kurudi nilijua kwamba nilikuwa nimejibu kama mwalimu. Kakuma na Lodwar husikii mtu akisema ameghafilika. Huku Kiswahili ni lugha ya kukutania, kila mmoja amekuja nacho kiasi kinachomtosha, na neno hilo wengi hawakulibeba. Wote tuna ghafla.

Jioni ile nilimpigia mama nikamsimulia. Alikuwa amempenda yule mwanamke na alikuwa akiniuliza habari zake kila wiki. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

Baba yangu alianguka sokoni Lodwar akichagua nyanya. Nilikuwa chuoni, mbali, na nilipofika nyumbani alikuwa ameshavalishwa suti. Tangazo lilisomwa redioni kama matangazo yote ya aina hiyo, kwa masikitiko makubwa familia inatangaza kifo cha ghafla. Nilikumbuka mama akiwa amekaa karibu na redio, mikono mapajani, na kwamba aliposikia maneno yale alishusha pumzi. Sikuwahi kumuuliza kwa nini.

Sasa aliniambia mwenyewe. Alisema lile neno lilimsaidia. Watu wote waliokuja kumpa pole walisema ghafla, mchungaji akasema ghafla, na yeye akalishika, kwa kuwa kwa jambo la ghafla mtu hana la kufanya.

"Lakini miguu yake ilikuwa imevimba tangu Krismasi," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa namvua viatu."

Mama hakungoja jibu. Akasema nimlete rafiki yangu Lodwar, waende kwa yule muuguzi, kwa sababu yeye anamfahamu. Walizoeana kwa ajili ya uji.

Rafiki yangu alikubali nilipomwambia, lakini kwa sharti kwamba watoto waje pia. Tukaenda Jumamosi, yeye, watoto wake na mimi. Njia nzima alihesabu vichwa vyao kwa macho. Lodwar kulikuwa na upepo ule unaoinua mchanga wa mtoni, na mama alitupokea mlangoni amejifunga kitambaa kichwani, akawakumbatia watoto mmoja mmoja. Walipokwisha kula aliwaambia watabaki naye. Rafiki yangu akasimama kama anayetaka kukataa. Mama alimtazama tu, wakatazamana kwa muda. Kisha rafiki yangu akamwambia msichana wake mkubwa awaangalie wadogo, tukaondoka wawili, baada ya mama kutueleza wodi na zamu ya yule muuguzi, na kumpigia simu kwamba tunakuja.

Muuguzi alikuwa msichana wa Kiturkana, kwao ni upande wa Namoruputh, mpakani na Uganda. Nilishangaa alivyokuwa mdogo. Nilimsalimu ejok, akaitika, akageuka kumsalimu rafiki yangu, na mkono wake ukasimama hewani.

"Ni wewe uliyeniuliza ni ghafla ya nani," akasema.

Alitupeleka nyuma ya jengo, penye benchi la saruji ambako ndugu za wagonjwa hukaa. Alianza kueleza kabla hatujamuuliza. Kiswahili chake kilikuwa cha shule, cha kujikaza, na alipotaka kwenda haraka kiliyumba. Alisema swali lile halikumtoka. Alilisikia kama swali la mtu anayetaka kujua aliyekosa, na akawa anangoja barua ya malalamiko, au aitwe na mkubwa wake, na hakuitwa. Lakini yeye mwenyewe alijiita. Kila alipopita kitanda kile alikumbuka ile asubuhi tena tangu mwanzo.

Ilikuwa hivi, alisema. Mzee alimaliza uji wake. Aliomba ageuzwe upande wa dirisha, akamgeuza. Mgonjwa wa kitanda cha jirani dripu yake ilikuwa imetoka, naye muuguzi akawa anaitafuta mishipa, inamkataa, alikuwa ameinama, amempa mzee mgongo. Hakusikia chochote. Mzee hakukohoa, hakuita. Muuguzi alipoinuka na kugeuka, mzee alikuwa ameshakwenda.

"Nilikuwa hapo hapo," alisema. "Hata mkono ningenyoosha ningemgusa. Nilisema ghafla kwa sababu sikujua neno lingine la kusema."

Rafiki yangu alikuwa amekunja mikono kifuani. Upepo ulipeperusha shuka zilizoanikwa kwenye uzio, na mtu fulani akaja kuzikaza na kuondoka.

"Aligeuka dirisha?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Mkono moja iko chini ya kichwa?"

Muuguzi alifikiri. Akaweka kiganja chake shavuni, kama anayejaribu, akasema ndiyo, hivi.

"Hivyo analala," rafiki yangu akasema. "Miaka yote, hivyo analala."

Hapo ndipo alipolia. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akilia. Muuguzi naye akalia, na mimi niliyekaa katikati yao sikujua nimshike yupi. Baadaye rafiki yangu akanyoosha mkono mbele yangu, akashika kile kiganja cha msichana kilichokuwa shavuni, akakishusha.

"Binti yangu, wewe hukughafilika," akamwambia. "Ulikuwa unafanya kazi ya mtu mwingine mgonjwa."

Neno hilo nilikuwa nimempa mimi, chini ya mathenge, nilipomsimulia maneno ya mwenye duka. Sikujua kama alilishika. Muuguzi hakulijua. Alinigeukia, na nikamwambia anasema hukumwacha mzee peke yake. Akaitikia kwa kichwa, akafuta uso kwa mkono wa gauni lake. Aliitwa ndani, akaenda.

Tulirudi kwa miguu. Kwa mama tuliwakuta watoto wamelala kwenye mkeka wote, hata yule mkubwa, na mama ameketi kwenye kigoda akiwapepea. Rafiki yangu alisimama akiwaangalia. Nilimsimulia mama kwa ufupi yaliyosemwa. Mama akamgeukia.

"Umemwambia msichana wa watu hakughafilika. Na wewe je?"

Rafiki yangu alivua viatu, akapanda mkekani, akalala kando ya mdogo na kuufunika uso wake kwa leso. Sijui kama alilala. Mama aliendelea kupepea.

Ningependa kusema kwamba aliporudi Kakuma alipona, lakini haikuwa hivyo, au haikuwa yote. Siku ya wazazi alikuja, akaketi mbele, na msichana wake aliposoma insha na kufika kwenye ghafla bin vuu, mama yake hakutikisika. Baada ya hapo alianza tena kuchemsha chai, mara nyingine siku mbili mfululizo, kisha siku nzima namwona kwenye mti. Watoto aliwaruhusu kwenda kwa jirani, ila yeye alifuata nyuma baada ya kitambo. Alimwomba jirani msamaha, akasamehewa, lakini hawakurudi walivyokuwa. Nilipomuuliza siku moja kama bado anasikia lile neno, alisema sasa analisikia kwa lugha mbili, na hajui ipi inasema kweli. Sikumuuliza tena.

Mwaka uliofuata kaka yake alimwita Torit. Alisema huko kumetulia, kuna shamba, watoto watakua kwa watu wao. Sikumzuia. Aliniachia sufuria zake kubwa nimpe atakayezihitaji. Asubuhi ya kuondoka msichana mkubwa alinishika kiuno akakataa kuniachia, na mama yake alisimama kando ya gari, akingoja kwa subira mpaka mwanawe akaachia mwenyewe.

Tunazungumza kwa simu, si mara nyingi. Mtandao wao hukatika. Analima mahindi na karanga, watoto wanasoma. Wanakwenda shuleni wenyewe, anasema, lakini mchana huwa anapita huko mara moja, ni njia yake ya kwenda kisimani.

Mama yangu amefariki mwaka huu. Hakuna aliyesema ghafla. Aliugua muda mrefu, nilichukua likizo nikahamia Lodwar, nikamwogesha, nikamlisha kwa kijiko, nikaketi naye saa zote. Yule muuguzi alikuwa anakuja akitoka zamu kumbadilishia dawa, ingawa hakuna aliyemwomba. Mama alikata roho alasiri, mkono wake ukiwa mkononi mwangu, macho yangu yakiwa usoni pake. Nilikuwa nimedhani kwamba kuona kutanipunguzia. Labda kumenipunguzia, sijui nipime na nini.

Nilipompigia rafiki yangu kumweleza alipokea akiwa shambani, nikasikia jembe likiwekwa chini. Nilimwambia mama ametuacha. Hakuniuliza ilikuwaje, wala alikuwa na nani. Akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa lugha ya kwao, ambayo siijui hata neno moja, taratibu, kama anayemwimbia mtu aliye chumba cha pili. Nilikuwa nimeketi kwenye kitanda cha mama, kimeshatandikwa. Nikaweka simu sikioni hadi alipomaliza.